Kiti cha Meneja wa Dodgers, Tangu Brooklyn Hadi Los Angeles

Asanteni kwa kuja. Najua wengi wenu mmekulia mpira wa miguu, kwa hiyo tuwekane sawa kwanza. Meneja wa besiboli si yule wa ofisini anayehesabu viingilio. Ndiye kocha mkuu. Anapanga kikosi, anaamua nani arushe mpira na nani apumzishwe, tena anavaa jezi kama vijana wake, mzee wa miaka 65 na kitambi chake, namba mgongoni. Mara ya kwanza nilicheka. Nikaja kuzoea.

Dodgers walianzia Brooklyn, New York. Mwaka 1958 wakahamia Los Angeles. Meneja wao mkubwa wa zamani ni Wilbert Robinson, aliyekaa kuanzia 1914 hadi 1931, akapendwa hata timu ikaitwa Robins kwa jina lake. Mzee huyu mwaka 1915 alijigamba kwamba anaweza kudaka mpira uliodondoshwa kutoka kwenye ndege. Rubani, mwanamke aitwaye Ruth Law, akadondosha balungi badala ya mpira. Likampasukia kifuani, maji yakamtapakaa, mzee akapiga kelele akidhani ni damu yake. Alifika World Series, yaani fainali kuu, mara mbili, 1916 na 1920, na zote akapoteza.

Tuingie kwenye moto. Leo Durocher alikabidhiwa timu mwaka 1939. Mtu wa maneno makali, rafiki wa wacheza kamari. Mapema 1947 timu ilikuwa kambini Panama, na baadhi ya wachezaji weupe wakaanza kunong'onezana wapeleke waraka wa kumkataa Jackie Robinson, Mweusi aliyekuwa njiani kupandishwa Ligi Kuu, ambayo wakati huo ilikuwa ya weupe watupu. Durocher akawaamsha usiku wa manane, akawakusanya jikoni, akawaambia huo waraka wao wajue pa kuuweka. Anayepanga kikosi ni yeye, na Robinson atacheza. Basi unatarajia siku Robinson anaingia uwanjani, Durocher yuko benchi. La. Tarehe 9 Aprili mkuu wa besiboli alimfungia mwaka mzima, na moja ya sababu ilikuwa hao marafiki zake wa kamari. Robinson akaanza tarehe 15, na benchini alikuwepo Clyde Sukeforth, aliyeshikilia mechi mbili tu. Kisha akaja Burt Shotton, mzee mpole aliyekataa kuvaa jezi, akakaa benchini na nguo zake za mtaani, akachukua ubingwa wa National League, moja ya ligi mbili ambazo mabingwa wake hukutana World Series, mwaka uleule.

Durocher alirudi 1948, na katikati ya msimu akahamia Giants, mahasimu wa mji uleule. Shotton akarudishwa, na baada yake, 1951, akaja Chuck Dressen. Agosti ile Dressen aliwaacha Giants kwa michezo 13. Wakamfikia, ikabidi wacheze mechi za kuamua bingwa, na Oktoba 3, awamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, Dressen akamwita Ralph Branca arushe. Bobby Thomson wa Giants akaupeleka mpira jukwaani, mchezo ukaishia hapo, Giants mabingwa. Na nani alikuwa meneja wa Giants? Durocher.

Pamoja na hayo Dressen hakufukuzwa. Alitwaa ubingwa wa ligi 1952 na 1953, na hapo ndipo alipojikwaa. Mke wake alimwandikia barua mwenye timu, Walter O'Malley, kudai mkataba wa miaka mitatu. Sera ya O'Malley ilikuwa mwaka mmoja, basi. Dressen akashikilia, na kibarua kikaota nyasi kwa mtu aliyetoka kuchukua ubingwa mara mbili mfululizo.

Aliyepewa kiti ni Walter Alston, mwalimu wa shule kutoka Ohio. Kama mchezaji wa Ligi Kuu alishika gongo mara moja tu, mwaka 1936, akashindwa, akarudi kukaa. Huyo ndiye aliyetia saini mkataba wa mwaka mmoja, mwaka uliofuata tena, na uliofuata, mara 23, kuanzia 1954 hadi 1976. Mimi namwona Alston kuwa meneja bora kuliko wote waliopita hapo, na najua wapo humu watakaobisha.

Alikuwa mkimya, lakini msimdhanie mnyonge. Mwaka 1963 wachezaji walilalamikia basi bovu walilopewa Pittsburgh. Alston akasimamisha basi barabarani, akasema mwenye la kusema ashuke waongee nje, wanaume kwa mwanaume. Hakushuka mtu.

Sasa nataka niwaoneshe mkono wake ulivyofanya kazi. Ni Oktoba 4, 1955, mechi ya saba ya World Series dhidi ya Yankees. Dodgers walikuwa wameshafungwa na Yankees hao hao kwenye fainali tano. Wanaongoza 2 kwa 0. Katika awamu ya sita Alston amemtoa Don Zimmer, aliyekuwa akilinda kituo cha pili, ili aingie mpigaji mwingine. Kwa hiyo anamhamisha Jim Gilliam kutoka pembe ya kushoto ya uwanja kwenda kituo cha pili, na ile pembe anampa Sandy Amoros, Mkuba. Ukiangalia karatasi ni mabadiliko ya kawaida kabisa. Lakini Gilliam alirusha kwa mkono wa kulia, glavu ikiwa kushoto. Amoros alikuwa mashoto, glavu yake mkono wa kulia.

Yankees wana watu wawili vituoni, yaani wakimbiaji walio njiani kutafuta bao, na kati ya watatu wanaopaswa kutolewa ili zamu yao iishe, hakuna aliyetoka bado. Yogi Berra anaupiga mpira juu, unakwenda kudondokea karibu na mstari wa kushoto kabisa, ambako hakuna mtu. Amoros anakimbia, anakimbia, ananyoosha mkono wa kulia, mpira unaingia kwenye glavu. Glavu ikiwa mkono mwingine, mpira ule haufikiwi. Anageuka, anamrushia Pee Wee Reese, Reese anamrushia Gil Hodges, na mkimbiaji aliyekwisha kuondoka kituo cha kwanza, ambaye mpira ukidakwa lazima arudi, anakamatwa kabla ya kufika. Mpira mmoja, watu wawili nje. Brooklyn ikapata kombe lake la kwanza, na la mwisho kabla ya kuhama.

Alston aliongeza 1959, 1963 na 1965. Zikiwa zimebaki mechi nne msimu wa 1976 akamwachia Tommy Lasorda, ambaye ni kinyume chake kwa kila kitu. Mpiga domo, mpenda chakula, aliyekuwa akiapa kuwa damu yake ni ya buluu kama jezi. Akakaa miaka 20, akachukua 1981 na 1988, mpaka mshtuko wa moyo ulipomtoa 1996. Hesabuni wenyewe: kuanzia 1954 hadi 1996, miaka 42, mameneja wawili, na wenye timu ni familia moja, ya O'Malley.

Kuna mtu nimempita. Yule Jim Gilliam aliyehamishwa kituo cha pili alibaki kuwa kocha msaidizi chini ya Alston, kisha chini ya Lasorda, hadi alipofariki Oktoba 1978. Gilliam alikuwa Mweusi. Katika Ligi Kuu hakupewa umeneja, wala hapo wala kwingine. Mwaka 1946 Alston, akifundisha timu ndogo ya klabu hii huko Nashua, alitolewa uwanjani na mwamuzi, akamwachia timu Roy Campanella, mchezaji Mweusi, na wakashinda. Kwa hiyo klabu ilishaona kwa macho yake. Oktoba 1972 Jackie Robinson alisimama mbele ya umati wa World Series akasema angetamani kumwona meneja Mweusi. Siku tisa baadaye akafariki. Mwaka 1987, Al Campanis, bosi wa masuala ya wachezaji wa Dodgers, aliulizwa kwenye televisheni kwa nini mameneja Weusi hawapo, akajibu kwamba huenda hawana sifa zinazohitajika. Na huyu aliwahi kucheza pamoja na Robinson! Akatimuliwa ndani ya siku mbili.

Familia ya O'Malley iliuza timu Machi 1998. Juni, Bill Russell aliyemrithi Lasorda akafungashiwa virago. Baada yake Hoffman, Johnson, Tracy, Little, Torre, Mattingly. Sitawachosha nao, wapo wazuri, ila wenye timu walibadilika na kila mmoja alikuja na watu wake.

Mwishoni mwa 2015 akateuliwa Dave Roberts. Alizaliwa Naha, Okinawa, baba Mmarekani Mweusi aliyekuwa mwanajeshi, mama Mjapani. Ndiye meneja wa kwanza Mweusi wa Dodgers, miaka 68 baada ya Robinson kuingia uwanjani. Alizomewa sana kwa kuwatoa warushaji mapema. Akachukua kombe 2020 na 2024, na Machi 2025 akamwaga wino kwa miaka minne, dola milioni 32.4. Sijui Dressen angesemaje.

Novemba 1, 2025, Toronto, mechi ya saba tena. Awamu ya tisa, mabao sawa 4 kwa 4, Blue Jays, wenyeji, wamejaza vituo vyote vitatu, bao moja tu wanachukua kombe. Roberts anasimamisha mchezo, anamwingiza Andy Pages katikati ya uwanja kwa sababu ana mkono wa nguvu kuliko aliyekuwepo. Muda mfupi tu mpira unapigwa mbali, unaelekea ukutani. Kiké Hernández wa Dodgers anaukimbilia kinyumenyume. Pages anatokea upande wa pili, anamparamia mwenzake, Hernández anaanguka chini, na Pages anatua na mpira kwenye glavu. Dodgers wakashinda katika awamu ya 11, 5 kwa 4.

Pages ni Mkuba, kama Amoros. Karibuni maswali.