Chipsi za Usiku, Mbio za Alfajiri

NEEMA: Hamjambo wapendwa. Mimi ni Neema, niko na Selemani, na leo tunaongea na watu wa jogging hapa Dar es Salaam. Nyie mnaoamka saa kumi na moja alfajiri, mnapiga Daraja la Tanzanite mpaka Coco Beach na kurudi, halafu usiku uleule mko kwenye kibanda cha chipsi mnasubiri zege, yaani chipsi mayai.

SELEMANI: Unaniongelea mimi.

NEEMA: Wewe, mimi, na nusu ya wanaotusikiliza. Swali linaletwa kila wiki: mtu anayefanya mazoezi, hivi vyakula vya chapchap vinamfaa au ajitenge navyo kabisa?

SELEMANI: Naomba nianze na lililonikuta, dada. Mwaka juzi nilikimbia kilomita 21, na pale mwisho wa mbio kulikuwa na hema la kupima afya bure. Nikapumzika karibu saa nzima, nikanywa maji, nikasema ngoja nikapime presha. Muuguzi akapima, akatulia, akapima tena. 148 kwa 94.

NEEMA: Na ulivyo mwembamba hivyo.

SELEMANI: Nilikuwa na kilo 68. Nikadhani ni uchovu wa mbio. Wiki iliyofuata nikaenda hospitali, ikawa bado juu ya 140. Daktari aliniuliza mambo mengi, wazazi wangu, usingizi, sigara, lakini swali lililonichoma lilikuwa hili: "Usiku unakula nini?" Nikakaa kimya. Siku 5 za juma jibu lilikuwa moja. Chipsi mayai, chumvi juu, tomato, soda baridi. Alfajiri nakimbia kilomita zangu 5, basi moyoni najihesabu nimeshalipa.

NEEMA: Hapo pa "nimeshalipa" ndipo nataka tukae, kwa sababu ndipo wengi tunapoumia. Jumanne nilinunua zege ya kawaida ya mayai mawili, nikaenda nayo nyumbani, nikatoa kachumbari, nikaiweka kwenye mzani wa jikoni. Gramu 380. Ondoa mayai, chipsi zenyewe zinabaki kama gramu 280. Gramu 100 za chipsi za kukaanga zina kalori kama 300. Ongeza mayai, ongeza mafuta ya kwenye kikaango. Sahani hiyo inafika kalori 1,000, kidogo juu au kidogo chini.

SELEMANI: Na mbio?

NEEMA: Kwa makadirio, kila kilo ya mwili wako inatumia kalori moja kwa kila kilomita unayokimbia. Mtu wa kilo 70, kilomita 5, kalori 350.

SELEMANI: Kumbe sahani moja inataka kilomita 14.

NEEMA: Na soda hujaigusa. Chupa ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, vijiko 9 vya chai. Jaribu siku moja kuweka vijiko 9 kwenye kikombe chako cha chai mbele ya mama yako, uone atakavyokuangalia. Lakini ikiwa ndani ya chupa, baridi, tunaimaliza tumesimama.

SELEMANI: Mimi nilikuwa nakunywa mbili.

NEEMA: Halafu kiazi chenyewe wala hakina kosa. Kiazi cha Njombe ukikichemsha, gramu 100 ni kalori kama 85 tu, na kinakushibisha. Kikiingia kwenye karai maji yanatoka, mafuta yanaingia. Na kwenye vibanda vyetu kinaingia mara mbili. Jioni mapema muuzaji anaziivisha nusu, anazipanga kwenye lile kabati la kioo. Ukifika ukaagiza, zinarudi kwenye karai. Ukisema zege, zinaenda tena kwenye kikaango chenye mafuta yake. Mara tatu hiyo!

SELEMANI: Ila nisieleweke kama nasema mazoezi hayana faida. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na sababu ni moyo, sukari ya damu, usingizi, hata akili kutulia. Hayo unayapata hata kama kilo hazijashuka. Kosa langu lilikuwa kuzifanya mbio kuwa kibali cha kula.

NEEMA: Sasa kuna watu watasema, mbona Usain Bolt?

SELEMANI: Nilikuwa naisubiri hiyo. Bolt mwenyewe ameeleza kwamba Beijing mwaka 2008 chakula cha kule hakikumkaa, akala vipande vya kuku vya McDonald's, kama 100 kwa siku, siku 10. Akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.69 na mita 200 kwa 19.30. Zote rekodi ya dunia.

NEEMA: Siku 10. Mwili uliompeleka Beijing ulijengwa miaka mingi Jamaica, kwa viazi vikuu, ndizi na kocha. Zile siku 10 alikuwa anajaza tanki tu.

SELEMANI: Lakini kujaza tanki nako kuna ukweli wake, dada, na hili wapenda mbio walisikie. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montana, Marekani, walichapisha jaribio la wanaume 11. Waliwachosha kwenye baiskeli kwa dakika 90 mpaka akiba ya wanga kwenye misuli ikapungua sana. Baadaye wakawalisha, siku moja vyakula maalumu vya wanamichezo, siku nyingine baga, chipsi, soda na vingine vya aina hiyo. Baada ya saa 4 wakawapandisha tena baiskeli, kilomita 20. Hapakuwa na tofauti ya maana, si kwenye misuli, si kwenye muda.

NEEMA: Na mimi nauamini utafiti huo, ila nataka tuuone vizuri. Walikuwa wametoka kwenye kazi nzito. Chakula kilipimwa kwa vipimo vidogovidogo, si sahani ya kufurika. Na kilichoulizwa ni kama misuli imejaa, si kama mishipa ya damu itakuwa salama baada ya miaka 10 ya kula hivyo.

SELEMANI: Sahihi kabisa. Mimi nilichokichukua pale ni kuhusu muda. Mwili uliotoka kilomita 18 Jumamosi una njaa ya wanga, na chumvi imetoka na jasho. Chipsi saa hiyo zinakwenda mahali zinapohitajika. Chipsi zilezile Jumanne saa nne usiku, umekaa ofisini kutwa, unakula unalala, hazina pa kwenda. Mkimbiaji wa Iten, ule mji wa wanariadha Kenya, ukimkuta anaweka sukari nyingi kwenye chai yake ya maziwa, usimuige, kwa sababu yeye anakimbia mara mbili kwa siku, na mlo wake uliobaki ni ugali, sukuma wiki, maharage. Mafuta kidogo sana.

NEEMA: Na kula chipsi kabla ya mbio?

SELEMANI: Hapana. Mafuta yanachelewesha tumbo kumaliza kazi yake. Utakimbia zege iko tumboni kama jina lake.

NEEMA: Tuna ujumbe wa sauti, nimeuandika usisumbue na kelele za barabarani. Dada mmoja anakaa Mbagala, anafanya kazi Kariakoo. Anasema: "Nafika nyumbani saa tatu na nusu usiku kwa sababu ya foleni. Nina chumba kimoja, jiko la gesi dogo, na gesi ikiisha katikati ya mwezi imeisha. Kibanda cha chipsi kiko mlangoni kwangu. Jumapili natembea na kikundi cha jogging cha akina mama. Nisaidieni bila kuniambia nipike mboga za majani kila usiku."

SELEMANI: Huyu dada amesema kweli tupu.

NEEMA: Amesema kweli, na inanigusa kwa sababu wengi wanaofundisha lishe wanaongea kama kila mtu ana friji na saa mbili za kupika. Mtu anayekula chipsi saa tatu na nusu usiku mara nyingi si mlafi. Amechoka, na mlo wa moto ulio karibu ndio huo. Kwa hiyo dada, mimi nasema endelea kwenda kibandani, ila tubadilishe maneno unayomwambia muuzaji.

SELEMANI: Haya, mwambie.

NEEMA: Usiseme zege. Sema, "Naomba chipsi nusu, mishikaki miwili ama mitatu, kachumbari nyingi, chumvi nitaweka mwenyewe." Akikuangalia, mwangalie. Chumvi ni ya kupigania, kwa sababu kiwango cha siku nzima ni chini ya gramu 5, kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Mkono wa muuza chipsi unanyunyiza bila kupima, na tomato nayo ina chumvi yake na sukari yake.

SELEMANI: Na kama pembeni yake kuna mama anachoma mihogo au ndizi, dada yetu asipite. Muhogo wa kuchoma na mishikaki ni chakula cha chapchap vilevile, hakijazama kwenye karai. Hata mahindi ya kuchoma. Tunasahau kwamba mji wetu ulikuwa na chakula cha haraka kabla ya chipsi.

NEEMA: Na Jumapili jioni, siku ambayo una nafasi, chemsha maharage ya siku 2 au 3, kama hauna friji omba nafasi kwenye ya jirani. Ukirudi Jumatatu una maharage, unanunua chapati moja au wali kwa mama lishe. Siku 2 zimeokoka.

SELEMANI: Na soda?

NEEMA: Soda hapana. Hapo sina nusunusu. Kwenye sahani ile nzima, kitu rahisi kuliko vyote kukiacha ni soda. Chipsi zinashibisha, mayai yana protini, kachumbari ina faida. Soda haikupi chochote isipokuwa sukari, na maji ni bei ndogo zaidi.

SELEMANI: Naomba tuongelee mafuta kabla hatujafika mbali, maana watu wanahesabu kalori wanasahau kuangalia karai. Mafuta yakikaangiwa leo, yakaongezwa kesho juu ya ya jana, keshokutwa hivyohivyo, yanachoka. Yanavunjika, yanatengeneza vitu ambavyo mwili haukuvihitaji. Na unaweza kuyatambua umesimama palepale. Rangi imekuwa ya kahawa. Yamekuwa mazito. Povu linapanda halitulii. Moshi unatoka hata kabla moto haujakolea. Harufu yake inakukaa kwenye shati mpaka nyumbani.

NEEMA: Na chipsi zinatoka nyeusi wakati ndani bado.

SELEMANI: Ukiona hivyo, ondoka kwa adabu. Mimi nilihama kibanda nilichokula miaka 4, na iliniuma kwa sababu yule kijana ni rafiki. Baadaye nilimrudia, nikamweleza mchana, hakuna wateja, si kwa kumwaibisha. Alisikiliza. Akaniambia jambo ambalo sikuwa nalifikiria: dumu la mafuta likipanda bei, bei ya sahani haipandi, wateja watakimbia. Kwa hiyo anayavuta mafuta siku zaidi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ninapotaka chipsi za bei ileile kila siku, na mimi nimo kwenye yale mafuta.

NEEMA: Mmh. Hilo sikuwahi kuliwaza.

SELEMANI: Sasa hivi Jumamosi nikienda namlipa kidogo juu, kuchangia mafuta ya siku hiyo. Anajua nakuja, ananiwekea mzunguko wa kwanza.

NEEMA: Tuwasemeshe na wale wa supu. Vikundi vyetu vya jogging, hasa vya Temeke na Mbagala, mnakimbia na nyimbo, mnapendeza, tunawapenda. Mkimaliza mnakaa kwenye supu. Supu ya mbuzi, chapati mbili, wengine wanaendelea na nyama choma mpaka mchana na bia. Kukaa pamoja ni nusu ya sababu watu wanarudi wiki ijayo, mimi sitaki kuvunja hilo. Ila chapati ile nayo ina mafuta, na supu ina chumvi. Ombeni ndizi za kuchemsha kwenye supu, engueni lile tabaka la mafuta juu. Inatosha.

SELEMANI: Na mwenye presha kama mimi asinyunyize chumvi nyingine kabla hajaonja.

NEEMA: Presha yako ikoje sasa?

SELEMANI: Miezi mitatu baada ya kubadilisha usiku wangu, ilikuwa 132 kwa 84. Daktari hakunipa dawa, alisema tuendelee kuangalia, na bado naangalia kila mwezi. Sikuongeza hata kilomita moja ya kukimbia. Nilitoa soda zote, chumvi ya juu, na zege za siku 4. Imebaki moja, ya Jumamosi, na naila kwa furaha, wala silaumu nafsi.

NEEMA: Ya Jumamosi baada ya kilomita ngapi?

SELEMANI: 16, 18. Kesho ni 18.

NEEMA: Mimi kesho nataka 10, nikusindikize mpaka nitakapochoka. Mnaokimbia ambao hamjawahi kupima presha, hata kama ni wembamba, wiki hii pitieni kituo cha afya kilicho karibu. Dada wa Mbagala, tutumie ujumbe utuambie muuzaji alisemaje ulipoomba chipsi nusu.

SELEMANI: Saa kumi na moja na nusu, dada, darajani, upande wa Hospitali ya Aga Khan.

NEEMA: Nitakuwepo. Beba maji mawili.