Kamba yenye mafundo manne: kutafuta reli zilizokufa, Unguja na Kamanyola

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu wanafunzi, habari za mchana. Mikrofoni inasikika huko nyuma? Vizuri. Umeme ukikatika nitaendelea hivyo hivyo, nilizoea kufundisha jiografia mbele ya watoto sitini.

Kabla ya yote tazameni kamba hii. Nimeipiga mafundo manne. Toka ncha hii hadi fundo la kwanza ni milimita 600: huo ndio upana, chuma hadi chuma, wa reli ya Aketi, Isiro na Mungbere, kule kaskazini mwa nchi yetu ya Kongo. Fundo la pili, 914: reli ya Bububu, kisiwani Unguja. La tatu, 1,000: Dar es Salaam hadi Kigoma. La nne, 1,067: reli za Katanga, na reli yetu sisi wa Kivu, ile ya Uvira hadi Kamanyola.

Naona mnatazamana. Ndiyo, Kamanyola. Ile mnayoijua kwa vita vya 1964, ambayo Mobutu alilichukua jina lake akawapa wanajeshi wake na uwanja wa mpira wa Kinshasa, ilikuwa na treni. Kilomita 94 toka Kalundu, bandari ya Uvira. Ilianza kazi mwaka 1931, ikafungwa 1958. Nimekaa Bukavu miaka mingi bila mtu kunitajia, na haikunijia akilini hadi nilipovuka bahari kwa shughuli nyingine kabisa.

Nilikuwa Unguja, nina siku mbili mkononi. Mwenyeji wangu akanipeleka Ngome Kongwe, akaniambia: hapa ndipo gari la moshi lilipoanzia. Nikacheka, nikadhani ananitania, maana vichochoro vya Mji Mkongwe mikokoteni miwili ikikutana lazima mmoja urudi nyuma. Kumbe kweli. Kampuni ya Marekani ilijenga reli pale, mwaka 1905 ikafunguliwa, ikapita katikati ya nyumba za watu ikielekea kaskazini, kilomita 11, hadi kijiji cha Bububu. Fikirieni umekaa barazani kwako unakunywa kahawa, injini inapita mbele ya magoti yako na cheche zake. Serikali iliinunua mwaka 1911. Barabara ilipotengenezwa na magari yakazidi, abiria waliondoka, ikabaki kubeba mawe ya ujenzi wa bandari. Kabla ya 1930 ilikuwa imekwisha.

Na hiyo haikuwa ya kwanza. Sultani Barghash alikuwa na yake toka 1879, ya kwenda kasri lake la Chukwani, mabehewa yakivutwa na nyumbu kabla ya kununuliwa injini ya mvuke. Barghash alipofariki mwaka 1888, nayo ikafa. Hiyo siihesabu kuwa ya ukoloni, mwenyewe alijinunulia, ila naitaja kwa sababu wengi hudhani reli zote za Afrika zililetwa na mzungu.

Basi nikapanda daladala namba 502, nikashuka Bububu, nikaanza kutafuta. Nilitafuta chuma, kama mtu yeyote angefanya. Nilitazama nguzo za uzio, vizingiti vya milango, mawe ya pwani. Hakuna. Mwishowe nikamkuta mzee amekaa kivulini anasuka ukili. Kule huwezi kuuliza swali kabla ya shikamoo, nami mkongomani nilikuwa nimekwisha kosea mara tatu siku hiyo, kwa hiyo nilianza nayo vizuri. Nikamwuliza habari za reli. Hakunionyesha kitu. Alifumbata mikono mdomoni akafanya: bu-bu-bu-bu. Akaniambia, ndilo jina la mahali hapa, limetokana na mlio wa gari la moshi.

Nilifurahi sana. Niliandika katika daftari langu: masalia yamepatikana, yako katika jina. Usiku ule ule mwenyeji wangu akaniharibia furaha. Akasema, Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliishi Bububu akiwa bado msichana wa kisiwani, na kumbukumbu zake alizozichapisha Ujerumani mwaka 1886 zinalitaja shamba hilo kwa jina hilo hilo. Yaani miaka 19 kabla ya treni! Wengine husema jina ni la chemchemi inayobubujika.

Sasa, mwalimu wa historia angemkatalia yule mzee. Mimi siwezi. Jina lilitangulia, sawa. Lakini treni ilipofika, watu walisikia mlio wake wakaona unalingana na jina walilokuwa nalo, wakaviunganisha. Na leo, karibu miaka mia moja baada ya chuma chote kung'olewa, mtu ambaye hakuwahi kuiona injini ile anaweza kuitoa kinywani mwake. Hilo kwangu ni salio kubwa kuliko kipande cha reli. Alikosea tarehe tu.

Nikarudi nyumbani nikiwa na swali: na sisi je?

Kwanza mjue kwa nini ilijengwa, na kwa nini iliishia pale. Mzigo wa Kivu uliingia Dar es Salaam. Wabelgiji walikuwa wamepewa gati lao pale na Kigoma, kwa mkataba wa 1921. Toka Dar hadi Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kwa treni, fundo la tatu. Kigoma hadi Uvira, meli. Uvira hadi Kamanyola, fundo la nne. Njooni mtazame: kati ya mafundo haya mawili ni milimita 67, haifiki vidole vinne vyangu. Hata kama Mungu angekausha Ziwa Tanganyika, behewa la Kigoma lisingepita Uvira.

Halafu mlima. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya bahari, Ziwa Kivu mita 1,460 hivi. Bonde la Ruzizi ni tambarare, treni ilikwenda raha. Ila sehemu kubwa ya mwinuko imerundikana hapo mwisho, baada ya Kamanyola, na aliyewahi kupanda mlima wa Ngomo kwa gari wakati wa mvua hahitaji nimweleze. Reli ikakoma mguuni pa mlima. Mzigo ukashushwa, ukapakiwa kwenye kamio, yaani lori, ukapanda Bukavu. Na mimi nauliza kama mfanyabiashara: ikiwa kamio lazima lije hadi Kamanyola, nani atalizuia lisiendelee hadi Uvira, likaokoa kupakia mara mbili? Ninavyoona, reli ile ilizaliwa na ugonjwa wake.

Nimeshuka bondeni mara nne sasa. Katika shule moja, sitaitaja, kengele ni kipande cha reli urefu wa mkono, kimening'inizwa kwa waya kwenye mwembe, mtoto anakigonga kwa bulo kubwa la chuma. Direkta aliniruhusu kukishusha. Kichwa cha mviringo, shingo nyembamba, kitako bapa. Ubavuni reli huwa na maandishi yaliyotuna: kiwanda na mwaka. Nilisugua kwa brashi ya waya hadi watoto wakachoka kunitazama, ikatoka tarakimu 1, ikatoka 9, halafu kutu tupu. Nikakirudisha. Kikigongwa kinasikika hadi ng'ambo ya mto.

Je, ni cha reli ya Kamanyola? Sithubutu kuapa. Chuma ni kitu cha kuhama: kinauzwa, kinaibiwa, kinapakiwa mtumbwini Kalundu kikitoka popote. Tuta ndilo halihami. Treni haipandi ghafla wala haikati kona, kwa hiyo ukiona ukanda wa udongo ulioinuka, unapinda polepole mno, unaivuka mifereji juu ya daraja dogo ambalo gari mbili haziwezi kupishana, na watu wanapita juu yake na baiskeli bila kujua kwa nini njia yao ni laini kuliko barabara, piga goti utazame kokoto. Kokoto zilizopondwa kwa nyundo, kali pembeni, si za mtoni.

Ninachokosa ni sauti. Aliyekuwa na miaka kumi treni ilipokoma, leo amepita sabini na tano. Nataka kujua ililia vipi, iliitwa nani, tiketi ililipwa wapi, nani aliogopa.

Mzee wangu pale nyuma, umenyoosha mkono toka nilipotaja Kalundu. Baba ni wa Sange, kule bondeni? Basi mpisheni apite, mleteeni kiti. Mikrofoni hii hapa, Baba.