Meno Marefu Si Hoja: Tairi la Theluji Kwenye Lami ya Mombasa

Assalamu alaikum, na habari za jioni kwenu nyote.

Tairi hili nimeliviringisha kutoka kwenye gari langu mpaka hapa mbele ili mlishike. Lipitisheni. Libonyezeni kwa ukucha. Mwaona linavyobonyea, kama kifutio cha penseli? Meno yake bado marefu, hayajalika hata nusu. Kijana aliyeniletea alikuwa na furaha: "Fundi, gari limekuja na matairi mapya kabisa kutoka Japani." Nikamwambia ayatoe siku ile ile. Hakupendezwa. Leo nieleze kwa nini, maana humu ukumbini wenye Subaru na Evo, yaani Mitsubishi Lancer Evolution, ni wengi, na magari hayo hushuka bandarini Kilindini yakiwa yamevaa matairi ya baridi bila mwenyewe kujua.

Soma ubavuni. Ukiona picha ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, au neno "STUDLESS", hilo ni tairi la theluji. Neno lenyewe lina historia. Zamani Wajapani wa sehemu za baridi walitumia matairi yenye misumari ya chuma. Misumari ile ikawa yaikwaruza lami mpaka vumbi likawa ugonjwa mijini, na mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuizuia. Viwanda navyo, tangu kabla ya sheria hiyo, vilikuwa vikitafuta njia ya kushika barafu bila chuma. Njia waliyoipata ndiyo hii mliyoishika: mpira laini sana, na juu ya kila jino mikato myembamba kama ya wembe.

Mpira una joto lake, ndugu zangu. Hili ndilo lililonileta hapa. Tairi letu la kawaida, hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, hukakamaa na kuanza kuteleza. Tairi la theluji limepikwa kiwandani lisikakamae kwenye baridi ile. Sasa lilete Mombasa, mchana nyuzi 30, na lami iliyopigwa jua hupita 50. Mpira walegea. Jino lililokatwakatwa halina nguvu ya kusimama, lalalia mwenzake. Ukikata usukani, tairi lapinda kwanza, ndipo gari lifuate. Ukikanyaga breki, unasimama mbali kuliko ulivyotaka. Mvua ya Mei ikinyesha ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu watu huamini meno yale marefu yatawasaidia kwenye maji. Yalichongwa kwa ajili ya theluji na barafu.

Nayasema haya kwa yaliyonipata. Miaka ya nyuma nilinunua gari lililokuja na matairi kama haya, na muuzaji akanisifia uzima wake. Nikitoka Mariakani kuteremkia Mazeras, lori likafunga breki mbele yangu. Gari langu likaogelea. Nilisimama, lakini kati yangu na chuma cha lori palibaki nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Mke wangu alikuwa kando yangu. Tangu siku ile hakuna gari linaloingia kwangu nisiloinama kulisoma ubavu.

Pia tazameni herufi ya mwendo, ile iliyo mwisho wa saizi. Matairi mengi ya theluji ya Japani yana Q, yaani kikomo ni kilomita 160 kwa saa. Gari la nguvu lilitoka kiwandani na V, ambayo ni 240, au W, 270. Simhimizi mtu kukimbia, barabara ya Nairobi imetuzika wengi. Herufi ile hukuambia tairi lilijaribiwa kwa mwendo gani; mwendo huzaa joto, na joto ndilo tulilo nalo. Kisha tarakimu nne za mwisho baada ya "DOT": 3519 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019.

Mmoja aliyejifunza kazi kwangu yuko Ujerumani sasa, na mwaka jana alinipigia simu kuniuliza kinyume cha haya. Gari lake lina 245/40R18, yaani upana milimita 245, kimo cha ubavu asilimia 40 ya upana huo, rimu ya inchi 18; theluji inakuja, anunue nini? Nilimwambia ashuke rimu ya 17, avae 225/50. Kimo cha gurudumu zima hakibadiliki hata milimita 4, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Tairi jembamba hukata theluji lifike chini, na ubavu mrefu huikinga rimu na mashimo yaliyofichika. Lakini apime kwanza: gari lenye breki kubwa, rimu ndogo yaweza kugusa kalipa, ile kamio ya breki inayobana diski. Na ahakikishe ubavuni pana ule mlima, kwani huko tangu Oktoba 2024 herufi za "M+S", yaani matope na theluji, peke yake hazitoshi kisheria.

Rimu zenyewe msinunue kwa macho. Subaru Impreza WRX nyingi za miaka ya 2000 nati zake zimekaa kwenye duara la milimita 100, lakini ile yenye nguvu zaidi, STI, kuanzia modeli ya 2005 ni 114.3. Zote zina nati tano, ukizitazama kwa mbali ni ndugu, na hazivaliani. Akitokea mtu wa kukwambia atazilazimisha, chukua rimu zako uondoke.

Jambo linaloniuma ni la kubadilisha mawili tu, mapya mbele na yale ya theluji nyuma, ati pesa haikutosha. Kwenye kona ya mvua mbele itashika na nyuma itakutupa. Na gari linalovuta magurudumu yote manne, kimo cha magurudumu kikitofautiana, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, hufanya kazi bila kupumzika, ipate moto mpaka iungue. Afadhali liegeshe gari mwezi mmoja, panda matatu, ununue yote manne pamoja.

Kuna gari nne nje. Tochi ninayo. Twendeni tukaanze na ile ya buluu, mwenyewe aniambie nini kimeandikwa ubavuni kabla sijainama.