Argoni Si Gesi Adimu

Ndugu walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliofika hapa Dodoma kutusikiliza, jambo hili nimelisema mara nyingi, na leo nalirudia kwa sababu bado nalikuta ubaoni: kuiita argoni, mojawapo ya gesi zilizomo hewani, "gesi adimu" ni kumfundisha mtoto lisilo kweli. Jina "gesi bwete" nalikubali, kwa kuwa ganda la nje la atomu yake limekwisha kujaa elektroni 8, nayo haina haja ya kupokea wala kutoa. Lakini huo uadimu uko wapi? Lipimeni darasa la mita 8 kwa 6, lenye kimo cha mita 3: ndani yake mna argoni kiasi cha lita 1,300, karibu kilo 2, wakati kabonidayoksaidi tunayoitaja kila siku haifikii hata sehemu moja ya 20 ya kiasi hicho.

Mtaniuliza imetoka wapi. Okoteni kipande cha granaiti kwenye kilima chochote cha mji huu, mkigeuze juani, mtaona chembe za waridi zinazometa. Hiyo ni felspa, na ndani yake mna potasiamu. Sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo ni potasiamu-40, aina ya potasiamu ambayo nusu yake huoza, yaani atomu zake hugeuka za elementi nyingine, kwa muda wa miaka bilioni 1.25, na katika kila atomu 100 zinazooza, kama 11 hugeuka argoni, nyingine zikawa kalisi. Mawe yetu haya yana umri unaozidi miaka bilioni 2, na muda wote huo yamekuwa yakiitengeneza argoni kimyakimya, ikabaki imefungwa ndani ya fuwele mpaka mwamba uyeyuke au umomonyoke. Karibu argoni yote tunayoivuta puani ilizaliwa hivyo, mwambani.

Wapo wanaosema kwamba ingekuwa nyingi hivyo isingechelewa kugunduliwa hadi 1894. Ilichelewa kwa sababu haishikani na kitu. Mwanafizikia Rayleigh aliishuku kwa mizani tu, alipoona naitrojeni ya hewani inaizidi uzito ile ya maabara, ndipo yeye na mwanakemia Ramsay wakaitenga.

Muda umeniishia, ila vijana wa kuchomelea wanaoitumia gesi hii wasiondoke kabla ya hili: argoni haina sumu, rangi wala harufu, lakini ni nzito kuliko hewa kwa zaidi ya theluthi, kwa hiyo ikivuja ndani ya tangi hutuama chini na kuiondoa oksijeni, na mtu huzimia kabla hajahisi lolote. Pitisheni hewa kwanza, ndipo aingie mtu.