Nyumba Yenye Intaneti ni Ipi?

Shikamooni wazee wangu. Habari za jioni kina mama, kina baba, na ninyi vijana mliosimama karibu na mlango. Asanteni kwa kunialika hapa Louisville, Kentucky.

Nimeombwa nizungumzie ule msaada wa serikali ya Marekani wa kulipia intaneti, uliokatika mwaka 2024, na kwa nini Wamarekani wenyewe walibishana sana juu yake. Nianze na fomu.

Mwaka 2022 nilikaa jikoni kwa mama mmoja mwenye watoto wanne, tukajaza ombi la msaada huo kwa simu yangu. Likarudi: jina halilingani. Tukajaza tena, likarudi tena. Kwenye kadi moja jina la baba yake limetangulia, kwenye nyingine limekaa mwisho, na jina la ubatizo limekatwa herufi mbili. Tarehe ya kuzaliwa ni Januari 1, kama ilivyo kwa wengi wenu mlioandikishwa kwenye kambi za wakimbizi. Mara ya tatu tukapiga picha karatasi yake ya Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, tukaandika jina vilevile lilivyo pale, ombi likapita. Mama hakushangilia. Aliniangalia akauliza: "Sasa hii ni yetu, au watakuja kuichukua?"

Nilimwambia ni yenu. Sikuwa nimeisoma sheria vizuri.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi. Desemba 2020, wakati wa korona, Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 3.2 kusaidia kaya zenye kipato kidogo kulipia intaneti, na Mei 2021 punguzo likaanza, hadi dola 50 kwa mwezi. Novemba mwaka huohuo ikapita sheria kubwa ya miundombinu, ikaweka dola bilioni 14.2 kwa mpango uliofuata, Affordable Connectivity Program, ambao wengi tuliuita ACP. Punguzo likawa dola 30 kwa mwezi, na 75 kwenye ardhi za makabila ya Wenyeji wa Marekani. Mei 2022 kampuni 20 zikakubali kuwa na kifurushi cha dola 30, kwa hiyo mwenye punguzo akawa halipi kitu. Zaidi ya kaya milioni 23 zikajiunga.

Sasa pigeni hesabu. Dola 30 mara kaya milioni 23 ni karibu dola milioni 700 kila mwezi. Fedha zilitengwa mara moja, na kila walivyojiunga wengi ndivyo zilivyopungua haraka. Februari 2024 wakaacha kupokea maombi mapya, Aprili ukawa mwezi wa mwisho wa punguzo kamili, na Juni 1 mpango ukafungwa. Ulikuwepo muswada wa kuongeza dola bilioni 7. Seneta Peter Welch wa Vermont, wa chama cha Democrat, aliupeleka, na JD Vance, wakati huo seneta wa Ohio kwa Republican, aliuunga mkono. Haukupita.

Waliopinga walikuwa na hoja, na nataka tuisikilize kwa haki. Seneta John Thune, Seneta Ted Cruz na wenzao wa Republican walisema wengi wa wanufaika walikuwa na intaneti hata kabla ya mpango, kwa hiyo serikali inamlipia mtu kitu alichokuwa akijilipia. Tume ya mawasiliano, FCC, ikatoa matokeo ya uchunguzi wake: asilimia 68 ya waliojibu walisema kabla ya hapo hawakuwa na intaneti, au walikuwa nayo ya kukatikakatika.

Hilo neno "kukatikakatika" ndilo lililonileta hapa leo. Mimi nimekulia Kigoma, na wengi wenu mlipita kambi ya Nyarugusu. Tunajua bando la siku. Mwenye bando la siku ukimkuta leo yuko mtandaoni, keshokutwa hayupo. Utamwandika upande gani? Hapa Marekani malipo ni ya mwezi, lakini hali ni ileile. Gari likiharibika Machi, bili inayoachwa kwanza ni ya intaneti, kwa sababu usipolipa kodi unatolewa nyumbani, na usipolipa umeme unakaa gizani. Aprili inakatwa. Anayekuja kuuliza Februari anaandika: nyumba hii ina intaneti. Anayekuja Mei anaandika haina. Ubishi ule wote uliuliza nani alikuwa nayo. Ulipaswa kuuliza nani anaweza kubaki nayo mwaka mzima, ikiwamo miezi ya gari na miezi ya dawa.

Wapo kweli waliokuwa wakilipa bila kukosa, na punguzo likawaachia dola 30 za nepi na mafuta ya kupikia. Nimeingia nyumba hizo. Siwezi kuita hayo hasara.

Yule mama barua ya kusema punguzo linakoma ilimfikia mwaka 2024, mwanawe mkubwa akamsomea mezani palepale. Akaachana na intaneti ya nyumbani, akabaki na simu. Wiki chache baadaye nilipita maktaba ikiwa imeshafungwa, taa za ndani zimezimwa, nikamkuta kijana huyo amekaa chini ameegemea ukuta, kompyuta ya shule imekaa magotini, mvua imeanza. Wi-Fi ya maktaba ilikuwa bado inafika pale nje. Aliniamkia, kisha akaniomba nimshikie mwavuli amalize kupakia kazi yake. Nikashika. Ilichukua dakika kumi na kitu.

Kisha ikaja Januari 2025, mji wa Goma kule Kongo ukaanguka mikononi mwa waasi wa M23. Mnakumbuka wenyewe ile wiki, kila mmoja akitafuta sauti ya ndugu kwenye WhatsApp. Mama huyo alikuwa akienda kuomba mtandao kwa jirani.

Kuna njia nyingine, na mimi naiona bora katika jambo moja. New York ilitunga sheria mwaka 2021: kampuni ziwe na kifurushi cha dola 15 kwa mwezi kwa kaya za kipato kidogo. Kampuni zilienda mahakamani, zikashindwa, na sheria ikaanza kufanya kazi Januari 2025. Pale bei yenyewe inashuka, haisubiri Bunge litenge fedha. AT&T, kampuni kubwa ya simu, iliacha kuuza huko intaneti yake ya nyumbani ya 5G, kwa hiyo sheria ile nayo ina gharama yake. Lakini hakuna mfuko wa kukauka.

Kilichobaki kwetu hapa Kentucky ni Lifeline, punguzo la serikali la tangu mwaka 1985: hadi dola 9.25 kwa mwezi, kwa simu au intaneti, moja kwa kila kaya. Ni kidogo, ila kila mwaka mnapaswa kuthibitisha tena, msipofanya hivyo inakatwa. Fomu nimezichapa. Nitakuwa meza ile ya nyuma mpaka ukumbi ufungwe. Njooni na karatasi ya Medicaid au ya SNAP, ule msaada wa chakula, na jina tutaliandika vilevile lilivyo kwenye karatasi, herufi kwa herufi.