Tarehe 30 Juni hadi 15 Agosti: jibu kwa wanaoniuliza kila kiangazi

Jambo yenu wote. Jambo Lubumbashi, jambo mitaa yake ya Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi. Jambo Likasi na Kolwezi pia.

Leo sitawaonyesha mitaa wala maduka. Swali ni lile lile, linafika kila mwaka kuanzia mwisho wa Juni: "Yaya, ndugu yetu mkubwa, kwa nini kiangazi chote mko kwenye sikukuu huko Ubelgiji, na sisi huku pesa na karatasi zinachelewa?" Wengine wanaongeza kwamba tunajivuna. Na nikieleza ugumu, wanakuja wale wengine kusema ninalalamika wakati ninakula vizuri. Basi nijibu mara moja, kwa tarehe. Kila mtu ana hali yake, komine yake (ofisi ya serikali ya mtaa) na kazi yake, kwa hiyo nitakayosema msiyachukue kama sheria.

Kwanza mfahamu kwamba 30 Juni hapa ni siku ya kazi. Sheria ya Ubelgiji inahesabu sikukuu kumi za malipo kwa mwaka, na za kiangazi ni mbili tu: 21 Julai na 15 Agosti. Anayetaka kusherehekea uhuru wetu anakata siku moja kwenye konje yake, yaani likizo, au anasubiri jioni. Jioni inafaa, kwa sababu wakati ninyi mko kwenye baridi ya Juni na giza linaingia saa kumi na mbili, huku jua linazama karibu saa nne usiku.

Wengi wanakutana Bruxelles, kwenye kiwanja cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, pale mlango wa Matonge, mtaa wa Wakongo, karibu na metro ya Porte de Namur. Kilizinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Anayetaka kuleta watu pale asikilize vizuri: watu wanasema Matonge ni komine ya Ixelles, na ni kweli, lakini kiwanja chenyewe kiko kwenye ardhi ya Jiji la Bruxelles. Ukipeleka barua ya ruhusa Ixelles, inarudi, na wiki mbili zimekwenda. Kuweka maua na kusimama kimya watu watano hakuna anayekuuliza kitu. Ukileta kipaza sauti, meza, hema au bendera nyingi, hilo ni kusanyiko, linahitaji barua yenye jina la mhusika, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu, na kama kuna muziki. Barua iondoke Aprili au Mei. Juni yenyewe wafanyakazi wameshaanza kwenda konje, na anayebaki hawezi kusaini kwa ajili ya mwenzake.

Na ukiandika programu, andika tarehe sawasawa. Hili linaniuma kuliko pesa. Kila mwaka naona mabango yanayosema Lumumba aliuawa Juni au Julai. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, huko kwetu Shilatembo, kwenye barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Likasi. Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925. Jino lake, mabaki pekee yaliyobaki, Ubelgiji ulilirudisha kwa familia tarehe 20 Juni 2022 katika jumba la Egmont, Bruxelles, na baada ya kupita Sankuru, Kisangani na Shilatembo, lilizikwa Kinshasa tarehe 30 Juni mwaka huo. Hizo ni tarehe nne tofauti, na kila moja ina maneno yake. Anayezichanganya anawapa nafasi wale wanaosema sisi hatujui historia yetu wenyewe.

Sasa tuje kwenye kipindi ambacho mtu wa Lubumbashi hawezi kukiruka: siku kumi na nne za kwanza baada ya uhuru, mwaka 1960. Watu wanazitupa zote kwenye gunia moja, "vurugu za 1960". Zifungueni siku kwa siku.

Tarehe 30 Juni, kule Palais de la Nation, Kinshasa, mfalme Baudouin wa Ubelgiji anamsifu Leopold wa Pili, aliyeifanya Congo mali yake. Lumumba, ambaye hakuwekwa kwenye orodha ya wasemaji, anasimama na kutaja kazi za kulazimishwa na matusi. Tarehe 5 Julai, jenerali Janssens wa Force Publique, lile jeshi la kikoloni, anawaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawa. Waangalieni wale askari: wiki iliyopita wamesikia nchi ni yao, leo wanasoma kwa chaki kwamba maofisa wazungu watabaki na wao hakuna cheo kitakachopanda. Siku hiyo maasi yanaanza Léopoldville, ndiyo Kinshasa, na Thysville. Tarehe 9 usiku yanafika kambi ya Élisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu, na wazungu kadhaa wanauawa. Tarehe 10 askari wa Ubelgiji wanaingia mjini bila serikali ya Lumumba kuwaita. Tarehe 11 jioni Moïse Tshombe, mkuu wa serikali ya mkoa wa Katanga, anatangaza kwa redio kwamba Katanga imejitenga. Tarehe 14 Congo inavunja uhusiano na Ubelgiji, na siku hiyo hiyo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa linapitisha azimio namba 143, la kuitaka Ubelgiji iondoe askari wake na la kutuma msaada wa kijeshi.

Mkizipanga hivyo mnaona kamba inavyoshikana. Ukitoa tarehe 5, tarehe 11 inaonekana kama wazimu wa mtu mmoja. Ukitoa tarehe 10, huelewi kwa nini Tshombe alipata nguvu ya kusema vile, maana askari wa Ubelgiji walikuwa tayari mitaani na shaba ya Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilikuwa bado inatoka.

Hapo ndipo wananirushia maneno. Kila nikitaja 11 Julai, mtu ananiita mtu wa kujitenga. Kutaja tarehe si kuisherehekea. Babu zetu wengi waliishi miaka miwili na nusu chini ya ile bendera ya misalaba mitatu ya shaba, mpaka Januari 1963, na wengine wengi, hasa Wabaluba wa kaskazini, walikimbia nyumba zao kwa sababu yake. Nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kuwa na kumbukumbu mbili za siku hiyo. Ushauri wangu, na ni wangu tu: ulizeni wazee wa pande zote mbili, na ile bendera msiibebe kwenye sherehe ya 30 Juni, huku au huko. Watu hawatakuuliza ulimaanisha nini.

Tshombe naye ana tarehe zake za kiangazi. Tarehe 30 Juni 1967, siku ya uhuru kabisa, ndege aliyopanda Uhispania ilitekwa angani ikapelekwa Algeria. Alifia huko kizuizini tarehe 29 Juni 1969, akazikwa Ubelgiji, makaburi ya Etterbeek. Anayetoka Lubumbashi akitaka kuyatembelea ajue kwamba yanaitwa ya Etterbeek lakini hayako Etterbeek, yako Wezembeek-Oppem, nje ya mkoa wa Bruxelles. Watu wanashuka metro wanazunguka bure.

Hiyo 11 Julai ina jambo lingine, na linahusu karatasi zenu. Hapa Ubelgiji ni siku ya Wafleming, Wabelgiji wa kaskazini wanaosema Kiholanzi. Wanakumbuka tarehe 11 Julai 1302, karibu na mji wa Kortrijk, askari wa miguu wa Flanders walipowashinda wapanda farasi wa Ufaransa wakaokota spuri zao za dhahabu, vyuma vya kisigino vya kuchochea farasi, uwanjani. Siku hiyo ofisi za serikali ya Flanders na komine nyingi za huko zinafungwa. Maduka yanafungua, benki zinafungua, kwa hiyo mtu anadhani komine pia iko wazi. Ndugu yako anayeishi Antwerpen au Gent akikuambia tarehe 11 hakupata karatasi, hakudanganyi. Anayeishi Liège, upande wa wanaosema Kifaransa, hana sababu hiyo.

Tarehe 21 Julai inafunga nchi nzima. Ni siku ambayo mwaka 1831 Leopold wa Kwanza alikula kiapo cha kuwa mfalme. Ikiangukia Jumapili, mwajiri anatoa siku nyingine badala yake, na komine nayo inachagua yake. Angalieni kalenda ya komine husika, kwa sababu hazichagui siku moja.

Sasa pesa. Nyumbani 1 Agosti ni siku ya wazazi. Asubuhi watu wako makaburini, mchana wanawapikia wazazi walio hai. Lakini kazi ya makaburi haianzi asubuhi hiyo. Majani yanalimwa kabla, chokaa inanunuliwa kabla, usafiri unapangwa kabla. Pesa inayofika 1 Agosti saa nne asubuhi imechelewa siku nne. Hesabuni kurudi nyuma: pesa iwe mkononi tarehe 28 Julai, basi mtumaji aanze kabla ya tarehe 18, asisubiri 21 ipite.

Kwa nini mapema hivyo? Mitambo ya benki za Ulaya haisimami 21 Julai. Inasimama 1 Januari, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, 1 Mei, na 25 na 26 Desemba. Kwa hiyo mtu anatuma tarehe 20 jioni, anaona pesa imetoka, anapiga simu nyumbani kwamba imefika. Kumbe kampuni ya kutuma imeizuia ili ikague, na mkaguzi yuko nyumbani kwake kwa sikukuu. Ikija wikendi nyuma yake, ndizo siku nne hizo mnazonitukania.

Sababu kubwa ya kuzuiwa ni majina. Sisi tuna matatu: nom (la familia), postnom (linalofuata la familia) na prénom (la ubatizo). Fomu za huku zina visanduku viwili tu. Mtumaji anaandika nom na prénom, postnom inabaki nje. Mama anafika dirishani na kadi yake ya mchaguzi yenye majina matatu, wakala anaangalia skrini, anaangalia kadi, anakataa. Dawa yake: nom na postnom ziingie pamoja kwenye kisanduku cha jina la familia, kwa mpangilio ule ule wa kadi, na prénom kwenye kile kingine. Mtumieni mtumaji picha ya kadi, msimsomee kwa simu. Herufi moja, Tshi ikawa Chi, inatosha kurudisha pesa yote. Kama ni M-Pesa au Airtel Money, hakikisheni laini imeandikishwa kwa jina hilo hilo la kadi, wala si la kijana aliyeinunua.

Anayewapa pesa msafiri kwa mkono, noti za dola ziwe safi. Noti yenye mpasuko hata wa nusu ya kucha, Lubumbashi hawaipokei, mnajua. Huku benki hawaelewi jambo hilo, ni lazima uombe noti mpya kwa maneno. Na msafiri mwenye euro 10.000 au zaidi analazimika kuziandikisha forodhani kabla ya kutoka Ulaya.

La mwisho, wanaotaka mama au baba aje kuona kiangazi cha huku. Ombi la viza ya Schengen, ya kuingia Ulaya kwa matembezi, linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Jibu la kawaida ni siku 15, lakini wana haki ya kufika 45. Akitaka kuwa hapa 21 Julai, siku 45 zinakurudisha 6 Juni. Kabla ya hapo kuna karatasi ya udhamini, annexe 3bis, ambayo mdhamini anasaini komine akiwa na hati tatu za mwisho za mshahara. Nayo inadumu miezi 6 tu, kwa hiyo ukiichukua Desemba inakufa Juni. Machi ni mwezi mzuri wa kuanza. Cheti cha kuzaliwa kinachotakiwa kuonyesha undugu kipitie kwanza wizara ya mambo ya nje Kinshasa, kipate muhuri, halafu ambasade, yaani ubalozi, wa Ubelgiji. Kikipita kinyume, kinarudi. Ofisi moja ilishakaa na karatasi kama hizo wiki sita kisha ikasema muhuri haukuwa mahali pake, na hakuna aliyejibu barua mpaka Septemba.

Tarehe 2 Agosti sikuiweka pamoja na sikukuu, kwa sababu si sikukuu. Ni siku ya kuwakumbuka waliokufa katika vita vilivyoanza 2 Agosti 1998 kule Goma na Bukavu, na sheria ya Desemba 2022 ndiyo iliyoiweka rasmi. Ndugu zetu wa Kivu walioko huku wanakaa pamoja siku hiyo, siku moja baada ya sisi kula na wazazi. Ninawaomba wa Katanga muwapigie simu.

Kwenye maoni, anayetaka kunisahihisha tarehe yoyote aandike siku, mwezi na mwaka, na aseme aliisoma wapi au aliisikia kwa mzee gani wa mtaa gani. Nitajibu wote, lakini baada ya 15 Agosti.