Usimwage Dawa Kabla ya Kupima

Hamjambo nyote. Naona wenye nyumba mmekaa huku na watunza mabwawa ya kuogelea kule. Nyinyi ndio mnaolaumiana maji yakichafuka, basi leo sogeleaneni.

Ukiamka ukakuta bwawa limegeuka kijani kama mchicha, mkono unakwenda wapi? (Kicheko.) Naam, kwenye ndoo ya dawa. Nami nilikuwa hivyohivyo. Kuna nyumba moja Nyali, Mombasa, niliitunza miaka mitatu. Kila wiki natumbukiza tembe za klorini, kila wiki natia matone kwenye kichupa, maji yanageuka manjano, nasema klorini ipo. Kaskazi ikaingia na joto lake, mwani ukaota ukutani mpaka ngazi zikawa utelezi. Nikaongeza tembe. Mwani nao ukaongezeka.

Matone yale ya manjano huonyesha klorini yote, hata iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Inayoua mwani ni ile huru. Tafuteni kipimo cha vidonge vinavyogeuza maji pinki, kisome miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Lakini angalieni: klorini ikizidi mno, ile pinki hufutika, ukadhani hamna kitu. Ukishuku, changanya na maji ya chupa nusu kwa nusu, upime tena, kisha uzidishe kwa 2.

Maji ya kupimia usichote juu kwa juu. Zamisha kichupa mdomo ukiwa chini mpaka kiwiko kilowe, ukipindue hukohuko, mbali na tundu linalorudisha maji. pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.6. Hiyo wengi mnaijua.

Nataka tukae hapa kidogo. Tembe zetu zina asidi ya sianuriki, mimi naiita kikingajua. Jua la saa sita hula nusu ya klorini tupu kabla saa moja haijaisha. Kikingajua huizuia isiliwe. Ni kitu kizuri, ila klorini huisha, chenyewe hakiishi. Kila sehemu 10 za klorini ya tembe huacha sehemu 6 hivi za kikingajua. Maji yakikauka kwa jua, chenyewe kinabaki. Miligramu 30 hadi 50 kwa lita chatosha. Kikipita 100, klorini imefungwa kamba: kwenye kipimo unaiona, kazini haipo.

Mama wa mbele, njoo unishikie, tupime kikingajua. Maji uliyokuja nayo nusu, dawa hii nusu, tikisa. Yanakuwa kama tui la pili. Sasa mimina polepole kwenye mrija, jicho kwenye kitone cheusi cha chini. Kimepotea? Soma.

“Mia.”

Na mrija haujafika nusu! Bwawa lako?

“La bosi wangu.” (Kicheko.)

Hapo hakuna dawa ya dukani. Toeni nusu ya maji, mjaze mapya, kipimo kitashuka nusu. Najua boza la maji lina bei. Ila msilikaushe bwawa lote wakati wa masika. Maji ya ardhini yanaweza kulinyanyua zima zima.

Ndipo tunaugeukia mwani. Piga brashi kuta zote kwanza, maana una utando unaoukinga. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani 1.5, ni lita 48,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 10 kwa lita unahitaji gramu 740 hivi za unga wa klorini wa asilimia 65. Utie jioni, pampu ifanye kazi usiku kucha. Unga ndio uingie kwenye ndoo ya maji, usimimine maji juu ya unga. Na kikombe cha tembe kisiguse unga kamwe: vikichanganyika huweza kuwaka, hata kulipuka.

Kuna aliyeuliza mrututu. Unaua mwani, kweli, lakini ni shaba, na shaba hupaka kuta madoa na kugeuza kijani nywele za wageni wenye nywele za dhahabu. Mimi siutumii.

Asubuhi maji yakiwa na wingu la kijivu, mwani umekufa. Safisha chujio, presha ikipanda usafishe tena. Kisha pima klorini jua likishazama, na upime tena kabla halijachomoza. Ikipungua zaidi ya 1, bado kuna kitu hai mle ndani kinaila. Rudi kwenye brashi.